Busu la Lango la Dhahabu

Jumanne, 9 Aprili

Nimefika kilimani nimelowa chapachapa, mimi na makopo yangu ya rangi. Pikipiki iliyonileta kutoka Mariakani imegeuza ikateremka kwa kuserereka kama kambale. Masika haya hayana mzaha.

Kanisa la Mtakatifu Ana ni dogo, la mawe na mabati, nje kidogo ya Rabai. Ukuta wake wa nyuma ya altare ni mtupu kama kiganja, na ndio ulionileta. Padre Masha anataka uwe na picha kabla ya tarehe ishirini na sita Julai, sikukuu ya Ana na mumewe Yoakimu, wazazi wa Bikira Maria. Mimi, Linet wa Kisumu Ndogo, Malindi, niliyeanza maisha kwa kuchora samaki kwenye kuta za mikahawa, ndiye niliyepewa kazi.

Nitachora kama nilivyofundishwa ile miaka niliyokaa Italia: rangi ya maji juu ya chokaa mbichi. Chokaa ikikauka huimeza rangi, zikawa mwili mmoja. Ndiyo maana kule kuna watakatifu wa miaka mia tano ambao mashavu yao yangali na damu. Ila chokaa haingoji mtu. Fundi anapaka kipande cha kazi ya siku moja, nawe sharti ukimalize kabla hakijakauka. Ukikosea hufuti. Unabomoa.

Fundi wangu ni Athman wa Mambrui, mtu wa kuta tangu babu yake, na chokaa yake ameiloweka shimoni tangu mwaka jana. Nilipomwonyesha mchoro alisema, "Mimi ni wa ukuta, Linet. Watu ni wako. Lakini bibi huyu namjua. Hata kwetu mama yake Maryamu ana heshima yake."

Nimechagua mkutano wa Lango la Dhahabu. Hadithi yenyewe haimo katika Biblia, lakini wachoraji wa zamani waliipenda sana. Yoakimu na Ana walizeeka bila mtoto. Yoakimu alipeleka sadaka hekaluni, kuhani akaikataa kwa kuwa hana uzao. Kwa aibu hakurudi nyumbani. Akaenda nyikani kuishi na wachungaji wake. Huko malaika akamwambia atapata mtoto, na Ana naye akaambiwa mjini. Kila mmoja akatoka mbio kumtafuta mwenzake, wakakutana langoni, wakakumbatiana. Wachoraji wakawafanya wabusiane: wazee wawili, nyuso zimeshikamana hata huoni wa nani unaanzia wapi. Katika kuta zote nilizoziona sijaona busu zuri kuliko hilo.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Athman amepita akiugonga ukuta kwa kiganja, sikio limeegemea jiwe. Amesema ni ukuta mzuri, unapumua.

Jumapili, 14 Aprili

Nimeligawa kanisa kabla hata ya kuchovya brashi.

Baada ya misa Padre Masha alinikaribisha mbele, nikatundika mchoro wangu wa mkaa, mkubwa kama ukuta wenyewe. Kisha kule kwa akina mama mtu akacheka, akaziba kicheko kwa leso, kikamtokea puani. Halafu akasimama Mzee Gona, mwenyekiti wa halmashauri ya kanisa, mrefu, mkavu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu.

"Binti," akasema, "umetoka mbali na mvua hii, na tunakushukuru. Swali langu ni moja. Hawa wazee wanafanya nini?"

"Wanasalimiana, Mzee."

"Kwa midomo?"

Kanisa zima likaangua kicheko, mimi peke yangu nikabaki nimeshika kijiti changu cha kuonyeshea.

"Mimi nimeoa kabla wewe hujazaliwa," Mzee Gona akaendelea, wala hacheki. "Mimi na mke wangu hata mikono hatushikani njiani. Mambo ya chumbani yana chumba chake. Sasa watoto wa komunyo ya kwanza, wakipiga magoti hapa, macho wayaweke wapi?"

Nikaeleza kwamba kwa wachoraji wa kale hilo si busu la tamaa. Ni ishara. Walisema Maria aliingia duniani kwa mlango wa upendo safi, ndipo wakamweka Ana na Yoakimu langoni. Nilieleza vizuri, nadhani. Mzee Gona alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ishara inayohitaji kuelezwa muda wote huo si ishara," akaketi.

Padre Masha akasimama. "Mzee Gona ana hoja," akasema. "Na Linet naye ana hoja."

Jumatatu, 15 Aprili

Halmashauri imekaa asubuhi nzima. Malaika nichore. Lango nichore, mbuzi na kondoo nichore, wachungaji na majirani nichore. Wazee wawili katikati wasubiri mpaka tukubaliane. Kwa desturi ya kazi yetu unaanza juu ukashuka, usije ukadondosha rangi juu ya ulichomaliza. Sasa nitaacha tundu katikati ya picha. Athman ametikisa kichwa. "Utakuwa na arusi isiyo na bibi wala bwana."

Mzee Gona namwona kama mtu aliyezaliwa na kifungo cha juu kimefungwa.

Alhamisi, 18 Aprili

Siku ya kwanza ya rangi. Athman alipaka plasta ya mwisho alfajiri, laini kama maziwa yaliyoganda, nikapanda jukwaani kwenda kwa malaika wangu. Nyekundu na manjano ni udongo wa Marafa, niliousaga mwenyewe. Nyeusi ni mkaa. Buluu peke yake ndiyo ilisafiri kwa ndege. Mabawa ya malaika sikuyafanya meupe. Hata mabwana wale wa kale waliwapa malaika wao mabawa ya rangi za ndege waliowaona. Wangu nimempa ya mdiria, buluu na kahawia. Ameinama kutoka mawinguni, mkono mmoja upande huu na mwingine upande ule, kama mtu anayekaribisha vichwa viwili pamoja. Chini yake hakuna vichwa.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Mawingu. Bega linauma.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua imepata tundu la msumari kwenye bati na kushuka moja kwa moja kwenye bawa la kushoto nililomalizia leo asubuhi. Tulipoona, mdiria wangu alikuwa amekuwa bata wa matopeni. Athman alikwangua kipande kizima huku akiimba, nami nikasimama chini nikiwa tayari kulia, mpaka Padre Masha alipokuja na mwavuli, akaufungua ndani ya kanisa, akapanda nao jukwaani na kanzu yake yote, akaukinga ukuta mpaka mtu alipopatikana wa kuziba bati. Ilikuwa vigumu kulia mbele ya kitu kama kile.

Mama amepiga simu. "Usigombane na wazee," amesema, "wala usirudi kabla hujamaliza."

Jumapili, 28 Aprili

Leo akina mama walikuja kukagua. Swali la kwanza: kwa nini malaika amebeba sahani kichwani? Nikawaambia ni mwanga, alama ya utakatifu, ili hata mtu asiyejua kusoma amtambue mtakatifu katikati ya umati. Nikawaambia kila mtakatifu ana alama yake: Petro funguo, Katarina gurudumu, na Lusia macho mawili kwenye sinia. Hapo walipiga kelele. Wameniomba Lusia asikanyage kilima hiki.

Mmoja alibaki, bibi mfupi mwenye uso wa kucheka, amefunga leso mbili za kijani. Watoto wote wa hapa wanamwita hawe, yaani bibi kwa lugha yao, nikadhani kilima kizima ni wajukuu zake. Alitazama lile tundu kwa muda mrefu.

"Hapa ndipo atakapokuwa Ana?"

"Ndiyo, hawe."

"Sasa niambie. Mumewe alipokuwa huko nyikani, haji wala hapeleki salamu, huyu mwanamke alikuwa akila?"

Nimesoma vitabu vingi juu ya picha hii. Hakuna hata kimoja kilichouliza hivyo. Nikasema sijui.

"Alikula," akasema. "Lakini alipika cha wawili."

Akaenda zake. Athman akaniambia, "Hujui yule ni nani? Ndiye Kabibi, mke wa Mzee Gona."

Jumatano, 1 Mei

Mzee Gona amekwenda Bamba kuleta mbuzi wake walioko kwa jamaa. Nimepiga mluzi siku nzima. Lango limekaa vizuri, manjano ya Marafa yanang'aa kama dhahabu kabisa.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua usiku na mchana. Inasemekana mito ya upande wa Bamba imefurika na barabara imekatika.

Jumapili, 5 Mei

Mzee Gona hakuwa kanisani. Kiti chake kilikaa kitupu na hakuna aliyekikalia, ingawa watu wengine walisimama. Nilijishtukia nikikitazama mara kwa mara. Simu yake haipatikani. Wamewapigia wale jamaa, wakasema aliondoka Alhamisi na mbuzi, akikata njia ya miguu.

Huku juu mtandao unashika vizuri langoni pa kanisa tu. Hawe Kabibi ameketi hapo tangu misa, simu mapajani.

Jumatatu, 6 Mei

Sikufanya kazi. Nilimwambia Athman asipake plasta, nikachukua kigoda nikaenda kuketi na hawe pale langoni, chini ya kipaa. Mvua ilikuwa ikitiririka kwenye bati mbele yetu kama pazia.

Hakuwa akilia. Alikuwa na bakuli la wali na samaki limefunikwa, na kila mpita njia aliyeuliza habari alimjibu kwa upole. Nikamwambia nasikitika kwamba mimi na mzee hatukuelewana.

"Wewe unadhani anagombana na lile busu," akasema.

"Kwani sivyo?"

Akaifuta simu ambayo haikuwa na maji.

"Sisi hatukupata mtoto, mwanangu. Hawa wanaoniita hawe ni wa majirani. Nduguze walimwambia aoe mke mwingine, wakamletea mpaka jina la msichana. Akawaambia nyumba yake haina nafasi. Basi. Hakuliongea tena, na mimi sikumuuliza. Lakini kila mwaka sikukuu hii ikifika tunasimuliwa habari za mzee aliyelia nyikani, na malaika akamjia. Kila mwaka. Gona ni mwenyekiti, anaketi mbele, hana pa kuuficha uso. Mwaka mmoja tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniambia, 'Kabibi, mbona hakuna anayesimulia habari za yule ambaye malaika hakumjia?' Sasa wewe ukaja kutaka kuichora hadithi hiyo ukutani, imtazame kila Jumapili."

Kwa wiki tatu nilikuwa nimemchora yule mzee kichwani mwangu kama jiwe, tena jiwe lenye kifungo. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, nao ukaubana wangu kwa nguvu ambazo uso wake haukuzionyesha.

"Akirudi," akasema, "nitamtukana mpaka achoke."

Jumanne, 7 Mei

Amerudi!

Naandika haraka. Ilikuwa adhuhuri, mvua imepungua. Athman alikuwa barazani akijiandaa kusali, Padre Masha alikuwa akizungumza na wanaume waliotaka kwenda kumtafuta, na mimi nilikuwa kwenye kigoda changu. Tukasikia mbuzi. Kisha wakatokea kwenye kona ya njia, wamelowa, wembamba, mbavu zimetokeza kama vikapu, na nyuma yao mtu mrefu aliyepakwa matope toka unyweleni hadi kwenye kucha. Shingoni amebeba mwanambuzi. Kofia hana. Shati limepasuka, halina kifungo hata kimoja.

Hakuna aliyekimbia. Hawe Kabibi aliinuka taratibu, akaweka bakuli juu ya kigoda, akaingia mvuani. Walipofikiana alisimama mbele yake, kimo chake kifuani kwa mumewe, akaanza.

"Simu yako uliinunua ya nini? Ya kupambia mfuko?"

"Imeingia maji, Kabibi."

"Na njia kubwa uliiachia nani?"

"Imechukuliwa na mto. Nililala juu ya mwinuko na mbuzi, nikingoja maji yashuke."

"Umekula?"

"Muhogo. Nilipewa na watu."

Hawe akamtua yule mwanambuzi, akamweka chini. Kisha akakunjua pembe ya leso yake ya kijani, akanyoosha mikono juu, akaanza kumfuta uso. Si haraka haraka. Alianza na paji, akateremka kwenye macho, jicho moja kisha lingine, akazunguka pua, akafuta midomo. Na Mzee Gona, mwenyekiti wa halmashauri, mbele ya padre na wanaume wote na wanafunzi waliokuwa wakitoka shule, aliinamisha kichwa ili mkewe asisumbuke kunyoosha mikono, akafumba macho, akatulia.

Mvua ilikuwa ikinyesha.

"Mbuzi mmoja amekwenda na maji," akasema akiwa amefumba macho.

"Aende," akasema Kabibi.

Athman aliyekuwa nyuma yangu akanong'ona, "Alhamdulillahi." Mimi nilikuwa nalia kama bomba.

Jumatano, 8 Mei

Nimechora upya, karatasi baada ya karatasi. Ana amenyoosha mikono, anamfutia Yoakimu vumbi la nyikani kwa pembe ya leso. Yoakimu ameinama, macho yamefumba. Nyuso zimekaribiana, hazigusani. Ni karibu zaidi kuliko busu. Najua sasa ninachotaka kuchora, na najua siwezi kukichora bila ruhusa, kwa kuwa kilima kizima kilikuwa pale na kitawatambua.

Ijumaa, 10 Mei

Nimekwenda kwao. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akanipa kiti, akafunga tena kifungo cha juu. Nikamwonyesha mchoro. Hawe Kabibi akautazama, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mimi sina neno," akasema. "Muulize mwenye pua."

Mzee Gona aliushika mchoro kwa mikono miwili.

"Na huyu malaika wako wa juu," akauliza hatimaye, "anawaahidi nini?"

Nilikuwa nimelifikiria hilo kwa siku mbili. "Kwenye picha hii hasemi neno, Mzee. Anawakutanisha tu."

"Niache nifikiri."

Jumapili, 19 Mei

Hajasema kitu. Nimemaliza wachungaji.

Jumapili, 26 Mei

Hajasema kitu. Ameniuliza habari za mama yangu.

Jumapili, 9 Juni

Hajasema kitu. Picha yote imekamilika ila tundu. Akina mama wameanza kuliita "tundu la Gona", na yeye amewasikia.

Mvua inaisha. Athman anakwenda Mambrui Ijumaa kwa sikukuu ya Idd, kisha ana kazi nyingine Lamu. Basi ni Alhamisi au hakuna. Padre Masha nimemuuliza nifanye nini. Amesema busu ni zuri na heshima ni nzuri. Zamani nilidhani padre ndiye anayenilinda na Gona ndiye anayenipinga. Siku hizi naona padre ni mtu mwema asiyependa kumkasirisha mtu hata kuku, na Gona angalau akisema kitu kimesemwa.

Bila neno lake nitawachora wamesimama mbalimbali, mikono chini, kama wanaopigwa picha ya kitambulisho.

Alhamisi, 13 Juni

Siku kubwa. Nitajaribu kuiandika ilivyokuwa.

Athman alipaka plasta ya mwisho kabla ya jua, kipande kimoja cha katikati, akalainisha kingo zake zilipokutana na kazi ya zamani mpaka huwezi kuziona. Nikabandika ule mchoro wa kitambulisho, moyo mzito. Nilikuwa nimepitisha mistari ya kwanza ya udongo mwekundu, kichwa huku na kichwa kule, niliposikia mlango.

Aliingia Mzee Gona amevaa suti ya Krismasi. Nyuma yake hawe Kabibi na leso zake za kijani.

"Hebu teremka kidogo," akasema.

Nikateremka.

"Nimefikiri. Kule mwinukoni, maji yaliponizunguka, sikumwona malaika yeyote. Nilikaa nikitazama nyumbani ni upande gani. Basi. Kama picha yako ni ya mtu aliyekuwa akitazama nyumbani, hiyo naijua. Ichore." Akakohoa. "Lakini ukichukua kuinama kwangu ukanitilia uso wa mtu mwingine, huo ni wizi. Uso pia uchukue."

"Na busu hakuna," akaongeza.

"Hakuna, Mzee."

Athman hakungoja. Alikwangua kipande kile chenye mistari, akapaka plasta mpya mbio mbio, mwiko ukiimba, nami nikawapanga wazee wangu chini ya dirisha. Mzee Gona nilimwomba avue koti na kufungua kifungo cha juu. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote ya siku hiyo. Hawe akakifungua yeye.

Halafu ikawa vurugu. Mzee akifumba macho, hawe anacheka. Hawe akitulia, mzee anafumbua jicho moja kuona kama bado anacheka. "Nifute sawasawa," akasema, "usinikwaruze kama sufuria." "Sufuria hainuni," akajibu hawe. Akina mama waliokuja kufagia kanisa waliketi kutazama, fagio mikononi, kila mmoja akitoa ushauri. Mimi nilikuwa jukwaani, nachovya na kupaka, nachovya na kupaka, nikiisikia chokaa ikianza kuibana brashi.

Baada ya adhuhuri walinyamaza. Nadhani walichoka kucheka. Hawe alikuwa ameinua mikono kwa muda mrefu na mikono ilianza kumwangukia, ndipo Mzee Gona, macho yamefumba, akaweka viganja vyake chini ya viwiko vya mkewe, akavishikilia. Sikumwambia afanye hivyo. Hakikuwamo kwenye mchoro wangu. Nilikipaka papo hapo, viganja viwili vikubwa vya kahawia chini ya leso ya kijani, kwa mipigo mitatu minne ya brashi, na ndicho kitu bora nilichowahi kuchora maishani mwangu.

Kijani, walisema mabwana wa kale, ni vazi la Ana kwa sababu ya tumaini. Hawe anasema alizinunua Mariakani kwa sababu hazichuji.

Jua lilipoelekea kuzama chokaa ilifunga. Nikaweka brashi chini. Tundu halipo tena.

Ijumaa, 14 Juni

Athman ameondoka na mbuzi wa Idd kutoka kwa Mzee Gona. Nimelala mpaka saa nne.

Ijumaa, 26 Julai

Sikukuu. Jua kali, upepo wa kusi, watu kutoka kila upande mpaka wengine wamesimama nje madirishani. Mama amekuja kutoka Malindi na kanga mpya. Athman amekuja na mkewe, wakaketi barazani na kusalimiana na kila mtu.

Padre Masha alipovuta shuka lililofunika picha, vikapigwa vigelegele. Halafu nikasikia kwa masikio yangu mama mmoja wa makamo akimwambia mwenzake kwa masikitiko, "Kumbe hawabusiani!" Walikuwa wamelingojea lile busu tangu Aprili.

Baada ya misa, chakula kikipakuliwa uani, niliingia kuchukua ngazi yangu. Mzee Gona alikuwa mbele ya ukuta na bibi na bwana vijana nisiowajua. Walikuwa wamesafiri kutoka mbali, nikafahamu, kwa sababu walisikia Mtakatifu Ana huwaombea wanaotafuta mtoto. Kijana wa kiume alikuwa akitazama sakafu.

"Yule ni mimi," Mzee Gona alikuwa akisema, akinyoosha kidole bila haya. "Na yule ni mke wangu, yuko pale nje anapakua pilau. Ombeni. Mimi niliomba. Nawatakia mpate. Sisi hatukupata."

Yule msichana alimtazama mzee, kisha picha, kisha mzee tena.

"Sasa mbona wamewachora?" akauliza.

Mzee Gona aliugeukia ukuta. Nilidhani ataniita nieleze habari za ishara, nikajificha nyuma ya ngazi.

"Nilichelewa njiani," akasema. "Nikarudi. Akanipokea."

Yule kijana wa kiume akainua uso.